Haidrojeni Ndani ya Feleji Ngumu: Namna ya Kuielewa na Kuizuia Kabla Bolti Haijakatika

Bolti ya gredi 12.9, ya nguvu kubwa sana, imepakwa zinki ikang'aa, imekazwa kwa spana yenye kipimo, mkaguzi ametia saini. Kesho yake asubuhi kichwa chake kinaokotwa sakafuni. Mashine haijawashwa, hakuna mzigo ulioongezwa, hakuna aliyeigusa. Jirani yake ya gredi 8.8, iliyopita katika beseni lilelile la upakaji siku hiyohiyo, haina hata alama.

Visa vya namna hii mara nyingi huletwa na haidrojeni iliyojipenyeza ndani ya feleji, yaani chuma kilichoongezwa nguvu kwa kaboni. Mwongozo huu ni wa fundi, mhandisi au mnunuzi wa vifaa anayeshughulika na feleji yenye nguvu kubwa: bolti, springi, washa za springi, pini, shafti, na vyuma vinavyochomelewa. Niseme msimamo wangu mapema. Watu wengi huanza kuifikiria haidrojeni pale wanapofika kwenye oveni ya kuokea vipande vilivyopakwa, na hapo mengi yameshapita. Sehemu kubwa ya kinga huamuliwa mezani, siku unapoandika gredi ya bolti na aina ya upakaji kwenye karatasi ya oda.

Kinachotokea ndani ya chuma

Atomi ya haidrojeni ni ndogo sana na ndiyo nyepesi kuliko zote. Gesi ya haidrojeni ni atomi mbili zilizoshikana, na jozi hiyo haipenyi kwenye feleji kwa joto la kawaida. Inayopenya ni atomi moja moja. Chuma kinapolowekwa kwenye asidi, au kinapofungwa upande hasi wa umeme katika beseni la kupakia, atomi za haidrojeni huzaliwa juu ya uso wake. Nyingi hukutana, zikawa gesi, zikapanda juu kama mapovu. Chache hukosa mwenzi na kuzama ndani. Kemikali kama salfaidi, aseniki na sianidi huzuia atomi hizo kukutana, kwa hiyo zinazozama huongezeka. Ndiyo maana chuma kinachokaa kwenye mafuta ghafi au gesi yenye salfaidi ya haidrojeni kina sheria zake kali.

Zikishaingia hazitulii. Huvutwa kuelekea mahali ambapo chuma kimetanuliwa zaidi na mzigo: kwenye kona iliyo chini ya kichwa cha bolti, kwenye jino la kwanza lililoshikwa na nati, kwenye mkwaruzo wa jiwe la grinda. Hapo hurundikana. Wanasayansi wana maelezo zaidi ya moja ya kinachofuata. Wengine husema haidrojeni hupunguza mshikamano wa atomi za chuma zenyewe. Wengine husema huzirahisishia kuteleza katika eneo dogo sana mpaka eneo hilo likaishiwa uwezo. Huenda yote mawili hutokea kwa pamoja. Kwa aliye karakanani matokeo ni yaleyale: ufa mdogo huzaliwa, husogea kidogo, husubiri haidrojeni nyingine ifike kwenye ncha yake, kisha husogea tena. Kusubiri huko ndiko kunakoifanya bolti ikatike baada ya saa au siku kadhaa, badala ya kukatika mkononi mwa anayekaza.

Mtego uko hapo. Ukiivuta bolti hiyohiyo kwa haraka kwenye mashine ya kupimia nguvu, inaweza kukupa namba safi kabisa, kwa sababu haidrojeni haikupata muda wa kusafiri. Kipimo cha kugonga kwa nyundo nacho huipitisha. Cheti cha vipimo vya haraka hakisemi lolote kuhusu haidrojeni, hata kikiwa na mihuri mitano.

Jambo lenyewe si jipya. Mwaka 1875 W. H. Johnson alichapisha katika jarida la Royal Society ya London maelezo ya waya za chuma alizozitumbukiza kwenye asidi kwa dakika chache tu. Zilipokunjwa zilikatika kwa wepesi wa ajabu. Alipolowesha sehemu iliyokatika, mapovu madogo yalitoka ndani ya chuma. Waya zilizoachwa zikae zilirudia hali yake, na joto liliharakisha kurudi huko. Aliona pia kwamba feleji iliathirika kuliko chuma laini. Karibu kila tunachofanya leo kimo katika uchunguzi huo: asidi huingiza, joto hutoa, na kilicho kigumu zaidi ndicho huumia zaidi.

Ili bolti ikatike kwa njia hii lazima vitu vitatu vikutane: feleji inayodhurika, mkazo wa kuvuta unaodumu, na haidrojeni ya kutosha. Kwa feleji ngumu sana, "ya kutosha" ni kidogo mno, pengine chini ya gramu moja kwa tani nzima ya chuma. Ukiondoa kimoja kati ya vitatu, tatizo linakwisha. Mzigo kwa kawaida huwezi kuuondoa, kwa kuwa bolti imewekwa ili ivutwe. Zinabaki feleji na haidrojeni.

Hatua ya 1: Jua ugumu wa ulichonacho, kisha jiulize kama unauhitaji

Hatua hii ina thamani kuliko nyingine zote, na ndiyo inayorukwa zaidi.

Kwa bolti za kawaida za milimita, kiwango cha kimataifa ISO 898-1 kinatoa mipaka. Gredi 8.8 ina ugumu wa takriban HRC (kipimo cha ugumu cha Rockwell C) 22 hadi 34 kutegemea kipenyo. Gredi 10.9 ina HRC 32 hadi 39, na nguvu ya kuvuta isiyopungua megapaskali (nyutoni kwa kila milimita mraba) 1,040. Gredi 12.9 ina HRC 39 hadi 44 na megapaskali 1,220. Hatari haipandi taratibu katika ngazi hiyo. Chini ya HRC 32 hivi, haidrojeni inayotokana na upakaji ni nadra sana kuleta madhara. Kati ya 32 na 39 bolti iliyotengenezwa vizuri hustahimili. Ukivuka hapo, unaingia eneo jingine kabisa. ISO 4042 ya mwaka 2018, inayohusu bolti zilizopakwa kwa umeme, imeweka alama ya tahadhari kwenye 390 HV (kipimo cha ugumu cha Vickers), ambayo ni kama HRC 39 au 40. Kwenye visima na mabomba yenye salfaidi ya haidrojeni, mpaka maarufu wa feleji za kawaida ni HRC 22 tu.

Kwa hiyo kabla ya kuandika 12.9, fikiria bolti ya 10.9 iliyo nene kidogo, au bolti moja zaidi kwenye flanji. Kuna dhana iliyoota mizizi kwamba namba kubwa kichwani mwa bolti ni ubora. Namba hiyo inataja nguvu, na nguvu hiyo huja na udhaifu wake. Mara nyingi 12.9 huchaguliwa kwa sababu ndiyo skrubu ya kichwa cha silinda iliyokuwepo kwenye droo, wala hakuna hesabu iliyoidai.

Usiamini alama peke yake pia. Pima ugumu wa bolti chache kutoka kila kundi, kwenye kiini na karibu na uso. Uso uliozidi kiini kwa ugumu una maana kaboni iliingia wakati wa kupashwa moto, na ufa hupenda kuanzia kwenye uso wa namna hiyo. Skrubu zinazojikatia meno zenyewe zimegumishwa usoni kwa makusudi, hivyo zitazame kama feleji ngumu hata kama kiini chake ni laini. Hali kadhalika washa za springi, klipu na pini za springi: ni vitu vidogo visivyopewa heshima, lakini huvunjika kwa haidrojeni mara nyingi.

Hatua ya 2: Fuata njia nzima ya kipande na utafute haidrojeni inapoingilia

Chukua karatasi, andika kila kinachokipata kipande tangu kilipotoka kwenye moto mpaka kinapokazwa. Milango ya kawaida ni hii:

- kuondoa kutu au magamba ya moto kwa asidi;
- kusafisha kwa umeme huku kipande kikiwa upande hasi;
- kupaka kwa umeme, iwe zinki, kadimiamu, nikeli au kromu;
- kupaka fosfeti, ambayo nayo hutumia maji yenye asidi;
- kuchomelea kwa elektrodi zenye unyevu au juu ya chuma chenye kutu, mafuta au rangi;
- kutu inayoendelea kazini, hasa palipo na zinki au kinga ya umeme (umeme unaopitishwa kwenye chuma ili kisishike kutu).

Watu huipa lawama zinki, lakini mara nyingi asidi iliyotangulia ndiyo iliyoingiza kiasi kikubwa. Kipande kilichosahauliwa kwenye asidi wakati mafundi wamekwenda kupumzika kimebeba tatizo hata kabla ya umeme kuwashwa. Na kuna asidi isiyoandikwa popote: mtu anachukua springi yenye kutu, anailoweka kwenye siki au asidi ya betri usiku kucha ili ing'ae, kisha anairudisha kwenye mashine. Kwa geti la chuma laini hakuna shida. Kwa springi ni kujitafutia balaa.

Hatua ya 3: Ondoa mkazo uliobaki, kisha safisha bila asidi

Kipande cha zaidi ya megapaskali 1,000 kilichosagwa kwa grinda, kukatwa kwa mashine au kunyooshwa kikiwa kimeshagumishwa kina mkazo uliojificha ndani yake. Mkazo huo unatosha kukipasua kikiwa ndani ya beseni, kabla hakijabeba mzigo wowote. Kipashe joto la nyuzi 190 hadi 220 za Selsiasi kwa saa 3 au zaidi kabla ya kupakwa. Hakikisha joto hilo liko chini ya lile la kutempa, yaani joto ambalo kipande kilipashwa baada ya kuzimishwa (kupozwa ghafla), la sivyo utakilainisha.

Kwa kusafisha, piga kwa mchanga mkavu au punje za kioo, tumia sabuni ya alkali ya moto, au safisha kwa umeme kipande kikiwa upande chanya, ambako oksijeni ndiyo huzaliwa badala ya haidrojeni. Kama asidi haikwepeki, iwe na kizuizi kinachoilinda chuma yenyewe, na muda uhesabiwe kwa dakika chache mbele ya saa ya ukutani. Kurudia kundi lililopakwa vibaya kwa kulivua zinki katika asidi na kulipaka upya ni kuingiza haidrojeni mara mbili. Kwa vipande vya juu ya HRC 39 mimi ningelikataa kundi hilo.

Hatua ya 4: Chagua upakaji kwa kuangalia haidrojeni, si mng'ao

Katika beseni la umeme, si umeme wote unaoshusha metali. Unaobaki hutengeneza haidrojeni. Kromu ngumu ndiyo mbaya kuliko zote kwa hesabu hiyo: mara nyingi chini ya robo ya umeme ndiyo huweka kromu, na zaidi ya robo tatu huishia kwenye haidrojeni na hasara nyingine. Zinki ya beseni la asidi ya kloridi hutumia umeme wake vizuri, kwa hiyo huzalisha haidrojeni kidogo. Zinki ya alkali na ya sianidi huzalisha zaidi.

Lakini kuna upande wa pili wa hesabu. Haidrojeni iliyoingia lazima itoke, na inatoka kupitia upakaji wenyewe. Zinki iliyong'arishwa kwa viongezi hushikana sana, hivyo huifungia ndani. Upakaji uliofifia, wenye vitundu vidogo vidogo, huiachia njia. Kipande kinachong'aa kwenye rafu kinaweza kuwa ndicho chenye mzigo mkubwa zaidi ndani.

Kwa bolti za 12.9 na kila kilichovuka HRC 39, njia rahisi ni kuacha umeme kabisa. Upakaji wa vipande bapa vya zinki na alumini, unaopakwa kama rangi na kukaushwa kwenye oveni (ISO 10683), hauingizi haidrojeni iwapo usafishaji ulifanywa bila asidi. Upakaji wa kugonga, ambapo unga wa zinki hushindiliwa kwenye kipande ndani ya pipa linalozunguka pamoja na punje za kioo, nao huingiza kidogo sana. Kwa shafti zilizozoea kromu ngumu, kunyunyizia unga wa kabaidi kwa moto wa kasi kubwa kumechukua nafasi kwenye miguu ya kutua ya eropleni nyingi.

Zinki ya kuchovya, ambapo kipande huzamishwa katika zinki iliyoyeyuka, inahitaji neno lake. Joto la beseni, karibu nyuzi 450, huifungua haidrojeni iliyokuwa imenaswa ndani ya feleji. Papo hapo zinki huganda juu na kuziba njia. Ndiyo sababu bolti za nguvu kubwa za ujenzi za ASTM A490 (ASTM ni viwango vya Marekani) haziruhusiwi kuchovywa hivyo.

Hatua ya 5: Oka mapema, kwa muda mrefu, na kwa kipimo

Kuoka ni kukipasha kipande kilichopakwa joto la nyuzi 190 hadi 220 ili haidrojeni itembee, nyingine itoke nje, nyingine inaswe mahali pasipo na madhara ndani ya chuma. ASTM B850 inapanga muda kwa nguvu ya feleji: saa 8 kwa megapaskali 1,000 hivi, na kupanda hadi saa 22 kwa zile za karibu 1,800. Kuanza kuoka kusichelewe zaidi ya saa 4 baada ya kutoka kwenye beseni, na mapema zaidi ni bora.

Mambo manne huharibu kazi hii kila mara. La kwanza ni kuhesabu muda tangu oveni ilipowashwa. Muda huanza pale vipande vya katikati ya kikapu vinapofika joto linalotakiwa, na kikapu kilichojazwa bolti nene kinaweza kuchukua saa nyingi kabla ya hapo. Weka waya wa kupimia joto katikati ya rundo, siyo kwenye ukuta wa oveni. La pili ni mpangilio: rangi ya kromati inayowekwa juu ya zinki huharibika kwa joto kubwa, kwa hiyo kipande huokwa kwanza, kromati ifuate. Karakana inayofanya kinyume ili kuokoa hatua moja hupeleka kwa mteja kipande kisicho na kinga ya kutu. La tatu ni vipande vilivyotempwa kwa joto dogo, kama skrubu zilizogumishwa usoni. Kuoka kwa nyuzi 200 kunaweza kuvilainisha, na hapo unalazimika kushusha joto na kurefusha muda, au kubadili upakaji.

La nne ndilo baya kuliko yote: kundi limekaa siku mbili bila kuokwa, mtu anakumbuka, analitia ovenini, anajaza fomu. Kama mkazo uliobaki ulishaanzisha ufa, oveni haiuzibi. Huko ni kufunika kombe mwanaharamu apite. Fomu yenye maana huandika saa ya kutoka beseni, saa ya kuingia ovenini, saa ya kufikia joto na saa ya kutoka. Yenye neno "imeokwa" tu haina kazi.

Nimeshasema msimamo wangu: oveni ni bima, na bima yenye mapengo. Chini ya mpaka wa 390 HV viwango vipya vya bolti havidai kuoka kwa kawaida, kwa sababu feleji yenyewe inastahimili. Juu ya mpaka, kuoka husaidia, ila hakukupi uhakika ambao feleji laini kidogo ingekupa bure.

Hatua ya 6: Ukichomelea feleji ngumu, kausha kila kitu

Kwenye kuchomelea, haidrojeni hutoka kwenye unyevu, mafuta, rangi na kutu. Tao la umeme la kuchomelea huitenganisha kuwa atomi na chuma kilichoyeyuka huinywa. Kikipoa haraka, ukanda ulio pembeni mwa mshono hugeuka mgumu, na ufa hujitokeza humo kikiwa kimeshapoa, wakati mwingine siku iliyofuata. Mafundi huuita ufa wa baridi.

Tumia elektrodi za haidrojeni ndogo, kama E7018. Alama ya H4 kwenye boksi ina maana isiyozidi mililita 4 za haidrojeni kwa gramu 100 za chuma kilichowekwa. H8 ni mara mbili yake. Elektrodi za selulosi kama E6010 zimeundwa zitoe haidrojeni nyingi, hivyo ziweke mbali na feleji ngumu. Boksi la E7018 likishafunguliwa, elektrodi zikae kwenye oveni ya kutunzia yenye nyuzi 120 au zaidi, na kwa kanuni ya AWS D1.1, ya chama cha uchomeleaji cha Marekani, zile za kawaida zisikae nje zaidi ya saa 4. Zilizopita muda huo hukaushwa upya kwa nyuzi 260 hadi 430 kwa saa 2 au zaidi, kama mtengenezaji anavyoelekeza. Zilizolowa maji hutupwa.

Pasha moto chuma kabla ya kuanza. Kiasi hutegemea unene na kiwango cha kaboni linganifu, ambacho hupatikana hivi: C + Mn/6 + (Cr + Mo + V)/5 + (Ni + Cu)/15, herufi zikiwa asilimia za kaboni, manganizi, kromu, molibdenamu, vanadiamu, nikeli na shaba. Namba ikipanda, joto la awali lipande pia. Kwa vipande vinene, usikiache kipoe mara tu unapomaliza. Kishikilie kwenye nyuzi 200 hadi 300 kwa saa mbili au zaidi ili haidrojeni itoke, kisha kifunike kipoe polepole. Ukaguzi wa nyufa usubiri saa 48. Anayekagua mshono ungali na joto anakagua kitu ambacho hakijamaliza kupasuka.

Hatua ya 7: Jaribu kwa mzigo unaokaa

Kwa kuwa kipimo cha haraka hakioni kitu, tumia cha kusubiri. Kwa bolti na skrubu kuna ISO 15330: unazikaza kwenye sahani ya feleji ngumu mpaka karibu na mwanzo wa kunyumbuka, unaziacha angalau saa 48, unazikaza tena kila baada ya saa 24, kisha unazikagua kwa kikuza. Hata karakana ndogo inaweza kutengeneza sahani hiyo. Kwa kupima beseni la upakaji lenyewe kuna ASTM F519: vipimio vya feleji ngumu vyenye mkato hupakwa humo, hufungwa mzigo wa asilimia 75 ya nguvu yake ya kuvunjika, na visivunjike kwa saa 200.

Fanya jaribio mapema baada ya upakaji. Haidrojeni inatembea, na sampuli iliyokaa wiki tatu kwenye bahasha haiwakilishi tena bolti zilizokazwa siku ya pili.

Hatua ya 8: Linda bolti baada ya kuiweka

Unaweza kufanya yote hayo na haidrojeni ikaingia baadaye. Zinki hulinda chuma kwa kujitoa yenyewe iliwe na kutu. Pale ilipochubuka na pana maji, haidrojeni huzaliwa kwenye chuma kilichoachwa wazi. Kinga ya umeme ya mabomba na nguzo za baharini, ikizidishwa, hufanya vivyo hivyo.

Mfano mkubwa ni daraja la San Francisco–Oakland huko Marekani. Fito 96 za nanga zenye kipenyo cha inchi 3, za feleji ya ASTM A354 gredi BD na zilizochovywa zinki, zilitengenezwa mwaka 2008 na kukaa kwenye matundu yake kwa miaka, maji yakiingia. Machi 2013 zilivutwa hadi asilimia 70 ya nguvu yake. Ndani ya majuma mawili hivi, 32 zilikuwa zimekatika. Kwa kuwa zisingeweza kuchomolewa zote, wahandisi walibuni tandiko la feleji na kebo ili kubeba kazi yake. Sehemu mpya ya daraja ilifunguliwa Septemba mwaka huohuo, na tandiko likakamilika baadaye. Tazama vitu vitatu vilivyokutana: feleji ngumu, maji yaliyosimama, mvuto mkubwa uliodumu. Kabla ya kuvutwa fito zilikaa kimya miaka yote hiyo.

Kwa hiyo toboa njia ya maji kutoka, funika matundu wakati wa ujenzi, jaza grisi au nta palipo na uwazi, na usikaze bolti ngumu iliyolala kwenye maji bila kuikagua. Ukiunganisha bolti ngumu na mfumo wa kinga ya umeme, muulize anayeuendesha kipimo cha volti kabla.

Ikiwa imeshakatika

Okota vipande vyote viwili na uvifunge kwenye mfuko mkavu. Usivikutanishe uone kama vinalingana, utasaga ushahidi. Usivisafishe kwa brashi ya waya wala kwa asidi.

Tazama uso uliokatika kwa kikuza chini ya mwanga wa pembeni. Bolti iliyozidiwa na mzigo hunyooka na kusinyaa kiunoni kabla ya kukatika, na uso wake huwa wa kijivu kilichochakaa. Iliyochoshwa na mzigo wa kupanda na kushuka huwa na mistari kama ya maji kupwa ufukweni. Ya haidrojeni haina kusinyaa. Uso ni bapa, na karibu na mwanzo wa ufa kuna vipunje vinavyometa unapougeuza kwenye mwanga, kwa sababu ufa umepita kati ya chembe za chuma badala ya kuzikata. Ukingo wa mwisho unaweza kuwa umechanika kwa kawaida, maana hapo bolti ilishindwa tu na mzigo. Lakini vipunje pekee si hukumu: feleji iliyopashwa moto vibaya nayo hukatika hivyo. Kinachotofautisha ni historia. Ilikatika saa ngapi baada ya kukazwa? Ugumu wake ulikuwa ngapi? Ilipitia asidi au maji wapi? Iliyokatika ndani ya siku mbili za kwanza, ikiwa kavu, huelekeza kidole kwenye upakaji. Iliyokatika baada ya miezi, ikiwa na kutu, huelekeza kwenye mazingira.

Kisha simamisha kundi zima. Bolti nyingine zilizokwisha kukazwa zifunguliwe polepole, mtu asisimame mbele ya kichwa cha bolti, kwa sababu zinazongoja kukatika hufyatuka. Zisirudishwe ovenini ili zitumike tena: kuoka hutoa haidrojeni, hakufungi ufa. Zikatwe ili asije mtu akazirudisha kwenye droo. Za kundi hilo ambazo hazijawahi kukazwa ziwekwe kando chache, zimefungwa na kuandikwa tarehe ya kupakwa, kwa kuwa maabara itazihitaji kupima ugumu na kuziweka kwenye mzigo.